David Livingstone na homa iliyoifuata familia yake

Wengi wetu tunamjua David Livingstone kama mzungu aliyetembea Afrika kwa miguu hadi Stanley akamkuta Ujiji. Wachache wanakumbuka kwamba alikuwa daktari. Wachache zaidi wanajua kwamba alisafiri na mke mjamzito na watoto wadogo katika maeneo yenye malaria. Kama wewe ni mama au mlezi unayejiandaa kumpeleka mtoto nchi ya joto, hata kama ni kwenda tu kuwasalimia bibi na babu, sehemu hiyo ya maisha yake inakuhusu.

Alizaliwa Blantyre, Scotland, tarehe 19 Machi 1813, katika familia maskini. Akiwa na miaka 10 alianza kazi katika kiwanda cha pamba, akawa anasoma usiku. Alipata leseni ya udaktari mwaka 1840, na mwaka uliofuata akafika Afrika Kusini kama mmisionari. Mwaka 1845 alimwoa Mary Moffat, binti wa wamisionari wa Kuruman, mwanamke aliyezaliwa Afrika na aliyezungumza Kitswana vizuri.

Mwaka 1850 Livingstone aliichukua familia yote kwenda Ziwa Ngami, katika Botswana ya leo. Mary alikuwa mjamzito. Mtoto mkubwa alikuwa na miaka 4, mdogo mwaka mmoja tu. Walitoka kwenye nchi kavu wakaingia penye maji na mbu, na watoto wakashikwa na homa. Ikabidi wageuze gari la ng'ombe na kurudi nyumbani. Mwezi Agosti Mary alijifungua mtoto wa kike, Elizabeth, ambaye alifariki akiwa na wiki sita hivi. Mary mwenyewe alipooza upande mmoja wa uso.

Mwaka uliofuata Livingstone aliondoka tena na familia, na Mary alikuwa mjamzito tena. Mama mkwe alimwandikia barua kali kumpinga. Hakusikiliza. Mtoto wa kiume alizaliwa safarini, kando ya mto, Septemba 1851. Kwa maoni yetu, bibi yule alikuwa na haki ya kukasirika. Mpaka leo madaktari humshauri mama mjamzito aahirishe safari ya kwenda penye malaria kama inawezekana, kwa sababu malaria humshambulia mjamzito kwa nguvu zaidi na huweza kuharibu mimba au kusababisha mtoto azaliwe na uzito mdogo. Kama safari haiepukiki, mweleze daktari mapema kwamba una mimba. Baadhi ya dawa na chanjo, kama ya surua, hazitolewi kwa wajawazito, na ile ya homa ya manjano hutolewa tu pale hatari ya ugonjwa ni kubwa.

Mwaka 1852 Livingstone aliisafirisha familia kwenda Uingereza, naye akaanza safari ndefu iliyomfikisha Luanda na kisha Quelimane, pwani ya pili, mwaka 1856. Njiani aliugua homa mara nyingi sana. Alijitengenezea vidonge vyake: kwinini iliyochanganywa na dawa za kuharisha. Kwinini ilisaidia; hizo nyingine zilimdhoofisha mgonjwa tu. Wakati ule watu waliamini kwamba homa inaletwa na hewa mbaya ya mabwawa. Livingstone aliona kwamba penye mbu wengi pana homa, lakini hakujua kwamba mbu ndiye anayeileta. Hilo lilithibitishwa na Ronald Ross nchini India mwaka 1897. Chanjo iliyokuwapo enzi zake ilikuwa moja tu, ya ndui.

Wewe una zaidi ya hapo. Nenda kliniki ya wasafiri wiki 4 hadi 6 kabla ya safari, ukiwa na kadi ya chanjo ya mtoto. Chanjo ya homa ya manjano hutolewa kuanzia miezi 9, na cheti chake huanza kutambulika siku 10 baada ya sindano, kwa hiyo usingoje wiki ya mwisho. Dawa ya kuzuia malaria hupimwa kwa uzito wa mtoto. Usikate kidonge cha mtu mzima kwa kukisia. Nyingine huanza siku moja au mbili kabla ya safari, nyingine wiki kadhaa kabla, na zote huendelea baada ya kurudi. Chandarua chenye dawa bado kinahitajika hata kama mtoto anameza vidonge.

Wazazi waliokulia Afrika Mashariki na sasa wanaishi Ulaya au Marekani husema mara nyingi kwamba malaria wameizoea. Kinga hiyo hupungua ukikaa mbali, na mtoto aliyezaliwa huko hana kabisa. Mary Livingstone naye alizaliwa Afrika. Baada ya miaka kadhaa Uingereza alirudi kumfuata mumewe kwenye mto Zambezi mwanzoni mwa 1862. Miezi mitatu hivi baadaye alishikwa na homa, akawa anatapika mfululizo, na hakuna dawa iliyofaa. Alifariki Shupanga, Msumbiji ya leo, tarehe 27 Aprili, akiwa na miaka 41. Mtoto akitapika dawa, au akipata homa safarini au miezi kadhaa baada ya kurudi, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo na useme mlikosafiri. Daktari wa Ulaya asipoambiwa, anaweza kudhani ni mafua.

Safari ya mwisho ya Livingstone ilianza 1866 kupitia pwani ya kusini ya Tanzania. Januari 1867 mpagazi mmoja alitoroka na mzigo wenye sanduku la dawa, na tangu hapo daktari huyo aliugua bila kwinini kwa miaka. (Dawa za mtoto, weka kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye begi linalopakiwa chini ya ndege.) Stanley alipomkuta Ujiji mwaka 1871 alimletea dawa na chakula, akapata nafuu, lakini alikataa kurudi naye. Alikufa tarehe 1 Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo, akiwa amedhoofishwa na malaria na kuharisha damu. Wenzake, Susi na Chuma, waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili na kuubeba kwa miezi mingi hadi Bagamoyo, walikofika Februari 1874.