Robert Hooke, Mtu Aliyeipa Seli Jina Lake

Natumaini nyote mnalijua jina la Hooke kwa sababu ya zile springi tunazoning'inizia mawe ya kupimia katika somo la Fizikia. Mimi pia nilimjua hivyo tu, hadi kiazi kiliponiaibisha katika Bayolojia.

Mwalimu alituambia tufanye jaribio la osmosisi. Kila kundi lilimenya kiazi upande wa chini, likachonga shimo juu, likatia sukari kidogo shimoni na kukiweka kiazi katika sahani ya maji. Kesho yake mashimo ya wenzetu yalikuwa yamejaa maji. Letu, jamani, lilikuwa vile vile tulivyoliacha! Nikiwa katibu wa kundi, niliona haya. Nikaandika daftarini eti maji yalipanda, nikapewa alama zote.

Siku chache baadaye nikitafuta maelezo ya seli maktabani nilikutana na maisha ya bwana huyu. Sikulala vizuri usiku ule.

Robert Hooke alizaliwa tarehe 18 Julai 1635 katika kijiji cha Freshwater, kisiwa cha Wight, kusini mwa Uingereza. Baba yake alikuwa kasisi. Robert alikuwa mtoto dhaifu, akiumwa kichwa mara kwa mara, hata watu hawakutarajia angeishi. Lakini mikono yake ilikuwa hodari. Aliona saa ya shaba ikifunguliwa, akaenda akaunda yake ya mbao, nayo ikafanya kazi.

Mwaka 1648 baba yake alifariki, naye akiwa na miaka 13 tu. Kijana huyo alikwenda London na urithi wa pauni 40. Alianza kujifunza uchoraji kwa Peter Lely, mchoraji mashuhuri, lakini harufu ya rangi ikamzidishia maumivu ya kichwa. Akaingia shule ya Westminster, ambako mwalimu mkuu, Richard Busby, alimtunza nyumbani kwake. Kutoka huko alienda Oxford, akawa msaidizi wa Robert Boyle na kumtengenezea pampu ya kuondoa hewa ndani ya chombo cha kioo.

Mwaka 1662 chama cha wanasayansi cha London, Royal Society, kilimwajiri awe msimamizi wa majaribio. Kazi yenyewe haikuwa mchezo. Kila wiki wakubwa walipokutana, yeye alipaswa kuleta majaribio matatu au manne mbele yao. Hebu fikiria sisi tunaolalamika kwa jaribio moja!

Katika kazi hiyo alitumia hadubini. Umeme haukuwapo, kwa hiyo aliweka taa ya mafuta karibu na tufe la kioo lililojaa maji ili mwanga ukusanyike juu ya kitu anachokitazama. Mwaka 1665 alichapisha kitabu chake kiitwacho Micrographia. Ndani yake kulikuwa na picha alizozichora mwenyewe, mojawapo ikiwa ya kiroboto mkubwa ajabu, kiasi kwamba karatasi yake ilibidi ikunjwe ndipo itoshe kitabuni.

Katika kitabu hicho ndimo alimoeleza habari za lile gome jepesi la mwaloni ambalo hutengenezewa vizibo vya chupa. Alilikata kwa kisu kikali kama wembe, akapata kipande chembamba sana, akakiweka juu ya kibao cheusi na kukitazama. Kumbe gome lile lilikuwa na vijumba vingi vitupu vilivyopangana kama sega la nyuki! Alihesabu akaona kuwa inchi moja ina zaidi ya vijumba 1,000 kwa urefu, na mchemraba wa inchi moja una zaidi ya milioni 1,200. Akaviita seli, kwa jina litokanalo na neno la Kilatini lenye maana ya chumba kidogo. Mpaka leo jina ni hilo hilo.

Sasa, msomaji, fika karibu usikie lililoninyima usingizi. Hooke alijua kuwa mimea hai ina majimaji, na aliyaona katika seli za mimea mibichi. Akajiuliza: majimaji hayo hutokaje katika seli moja hadi nyingine? Alitafuta njia kwa hadubini, hakuiona. Akajaribu hata kupuliza kwa pumzi yake, hewa haikupita. Nini alichoandika? Aliandika kwamba hakuiona njia yoyote, lakini kutoiona kwake si ushahidi kuwa haipo. Basi! Mbele ya wakubwa wote wa London hakuona haya kukiri.

Na kweli njia zilikuwepo. Mwaka 1879 Eduard Tangl aliona nyuzi nyembamba sana zinazopenya kuta za seli za mimea na kuziunganisha. Tena kila seli hai ina utando mwembamba unaozunguka sitoplazimu. Utando huo ni kama bawabu mlangoni. Maji huyaruhusu kupita, lakini sukari haiachi ipite ovyo. Mwaka 1992 Peter Agre wa Marekani na wenzake walionyesha kuwa utandoni mna protini ambazo ni vijia vya maji, naye akapata tuzo ya Nobel mwaka 2003. Hooke hangeweza kuuona utando, kwa sababu gome lake lilikuwa limekufa. Zilibaki kuta tu, kama nyumba iliyohamwa.

Hapo ndipo nilipokumbuka kiazi changu. Mimi ndiye niliyekileta. Jioni ile nilisahau kuweka kibichi kando, nikakiopoa kimoja sufuriani kikiwa nusu kuiva, nikidhani si neno. Kumbe moto ulikuwa umeua utando wa seli zake, na utando ukifa osmosisi haifanyiki!

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Nilikwenda kwa mwalimu nikamweleza yote. Alama alizifuta, tena kwa kalamu nyekundu, na wenzangu wa kundi walininunia wiki nzima. Lakini somo lililofuata mwalimu aliamuru darasa zima lirudie jaribio kwa viazi viwili, kibichi na cha kuchemshwa. Cha kuchemshwa hakikupandisha maji, na safari hii kila mtu alijua sababu.

Nisiseme Hooke alikuwa malaika. Alikuwa mgomvi, mgongo wake ulipinda, na alibana sana matumizi hali sanduku lake lilikuwa na maelfu ya pauni. Baada ya moto mkubwa wa London wa mwaka 1666 alifanya kazi kubwa ya kuupima mji ili ujengwe upya, bega kwa bega na Christopher Wren. Aligombana na Isaac Newton juu ya mwanga, kisha juu ya nguvu za uvutano, na wakawa maadui. Alifariki tarehe 3 Machi 1703. Leo hakuna picha ya sura yake inayojulikana kwa hakika kuwa ni yake.

Sura yake hatuijui, lakini kila mwanafunzi anayeandika neno seli hutumia jina alilolitoa yeye. Nami daftari langu lile bado ninalo, na ule mstari mwekundu sijaufuta. Ndugu zangu, jaribio likikataa, andika kuwa limekataa, halafu uulize kwa nini. Kwaherini!