John Peel, mtangazaji aliyefungulia vijana wa panki mlango wa redio

Mwezi wa tano mwaka 1976, usiku, kwenye Radio 1 ya BBC kule Uingereza, mtangazaji John Peel aliweka kwenye mashine diski ya vijana wanne wa New York walioitwa Ramones. Diski nzima ilikuwa na nyimbo 14 na yote inaisha kwa dakika 29. Gita inakwaruza, ngoma inakimbia, na mbele hujaketi vizuri wimbo umekwisha. Siku zilizofuata, barua zilianza kuingia. Wasikilizaji wake, wengi wao watu waliomfuata tangu miaka tisa, walikasirika. Walimuomba aache ile kelele na arudie muziki wa kweli. Peel alisoma zile barua, halafu akaendelea kupiga Ramones.

Hasira yao ilikuwa na sababu. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa amewafundisha kupenda kitu kingine kabisa.

Alizaliwa tarehe 30 Agosti 1939 huko Heswall, karibu na mji wa Liverpool, siku chache mbele ya Uingereza kuingia Vita vya Pili vya Dunia. Jina alilopewa na wazazi ni John Robert Parker Ravenscroft. Baba yake alifanya biashara ya pamba, mtu mwenye uwezo, na mtoto akapelekwa shule ya bweni ya Shrewsbury, zile shule za watoto wa wakubwa. Darasani hakung'aa. Kichwa chake kilikuwa kwenye diski, zile sahani nyeusi za muziki. Alipomaliza jeshi, ambako alifanya kazi ya rada, baba alimtuma Texas, Marekani, mwaka 1960, ajifunze biashara ya pamba. Pamba haikumshika.

Huko Dallas alijikuta mahali ambapo historia ilikuwa inapita. Rais Kennedy alipouawa tarehe 22 Novemba 1963, kijana Ravenscroft alienda kwenye makao ya polisi, akajidai ni mwanahabari wa gazeti la Liverpool, na wakamuachia apite. Filamu za wakati ule zinamuonyesha amesimama kati ya waandishi wakati Oswald, aliyeshitakiwa kwa ile mauaji, anaonyeshwa kwa watu. Miezi michache baadaye wimbo za Beatles zikashika Marekani yote, na redio za Dallas zikatafuta mtu yeyote mwenye kuongea sawa na watu wa Liverpool. Hakuwa rafiki wa Beatles hata mmoja, lakini lafudhi ilitosha. Ndivyo alivyoingia redioni. Kutoka Dallas alienda Oklahoma, halafu San Bernardino kule California.

Ile miaka ya Texas ina upande ambao wanaomsifu wanapenda kuuruka. Mwaka 1965 alioa msichana wa miaka 15, yeye akiwa na miaka 26. Ile ndoa ilivunjika. Peel mwenyewe aliongea mambo hayo wazi, na baada ya kifo chake wengi waliyaangalia upya kwa jicho kali. Ni haki yao.

Aliporudi Uingereza mwaka 1967 alipata kazi kwenye Radio London. Pamoja na jina lake, ile redio haikuwa London. Ilikuwa ndani ya meli baharini, nje ya sheria, juu wakati ule BBC ilikuwa peke yake kwenye antena na haikuwapa vijana muziki wao. Hapo ndipo alipopewa jina la Peel. Usiku wa manane, wakati wakubwa wa redio wamelala, alipiga kile alichotaka: Pink Floyd wakiwa bado wachanga, Captain Beefheart, mashairi, barua za wasikilizaji. Mwezi wa nane serikali ilifunga zile redio za meli kwa sheria mpya. Tarehe 30 Septemba 1967 BBC ikafungua Radio 1, ikachukua watangazaji wengi wa zile meli, na Peel akiwemo. Wenzake wa siku ile ya kwanza waliondoka mmoja mmoja. Yeye alibaki miaka 37.

Basi ni nini kilipigwa kwenye emisyo zake miaka ile? Wanamuziki wa Uingereza walikuwa wamechoka na wimbo wa dakika tatu. Walitaka roki ifikie heshima ya muziki wa Ulaya wa kale, ile ya Bach na Beethoven. Wakaiita roki ya progresivu, maana yake roki inayosonga mbele. Bendi kama Yes, Genesis, King Crimson na Emerson, Lake and Palmer ziliandika nyimbo za dakika 20, zenye sehemu nne au tano, na midundo inayobadilika kila saa. Mtu anayejua sebene anaweza kufikiri ni kitu kimoja, gita kusafiri mbali. Lakini sebene inainua watu kwenye viti. Hii ya progresivu ilitaka watu wakae, wafumbe macho, wasikilize kama wako darasani.

Na haikuwa ya bure. Kupiga vile kunataka miaka ya kazi, na kuna vipande ambavyo mpaka leo mwanamuziki akivisikia anatikisa kichwa. Peel aliviheshimu. Mwezi wa tano mwaka 1973 kijana Mike Oldfield alitoa diski yake Tubular Bells, akiwa amepiga karibu vyombo vyote yeye mwenyewe, na alikuwa na miaka 20 tu kwa kuzaliwa. Hakuna redio ingekubali wimbo mrefu namna ile. Peel aliupiga kwenye antena bila kuukata, zaidi ya dakika 20 mfululizo. Ilikuwa diski ya kwanza ya kampuni changa iliyoitwa Virgin, na iliuzwa kwa mamilioni.

Kumbe shaka ilikuwa imeanza mapema. Mwaka 1970, kwenye tamasha kubwa la kisiwa cha Wight, Peel aliwasikiliza Emerson, Lake and Palmer, na maoni yake yalijulikana kila pahali: kwake ilikuwa ni kupoteza kipaji na umeme. Mwenye kipaji alikuwepo, hilo hakukataa. Alichouliza ni kile kipaji kinamfanyia kazi nani. Miaka ilivyopita, majibu yakawa mabaya zaidi. Mwaka 1975 Rick Wakeman, fundi wa vinanda aliyepitia Yes, alionyesha hadithi ya mfalme Arthur kule Wembley juu ya uwanja wa barafu, na watu waliovaa kama askari wa farasi wa kale wanateleza huku na huku mbele ya orkestra. Mtu anaweza kucheka, na wengi walicheka. Lakini kijana wa miaka 16 aliyetaka kuanza bendi aliona kitu kingine. Kuingia kwenye muziki kulitaka sasa vinanda vya bei ya nyumba, malori, orkestra na barafu. Na ni mwaka 1976 huohuo Uingereza iliishiwa pesa mpaka ikaomba mkopo kwa FMI, na watu zaidi ya milioni moja hawakuwa na kazi.

Ramones walifika katika hali hiyo. Diski yao iligharimu dola karibu 6.400, pesa ambayo bendi kubwa zilikula kwa siku chache za studio. Kwa masikio ya Peel ilikuwa sawa na siku za kwanza alipomsikia Elvis na Little Richard akiwa kijana. Akodi tatu, mwendo wa mbio, basi. Mwezi wa kumi na mbili wa mwaka huo alifanya emisyo nzima ya panki, wakati redio karibu zote nchini zilikuwa zinaikimbia.

Alipoteza watu, na alijua anawapoteza. Yeye mwenyewe alikuwa anasimulia kwamba kwa mwezi mmoja umri wa wasikilizaji wake ulishuka miaka kumi: wakubwa walizima redio, wadogo zao wakaiwasha. Hesabu hiyo labda aliitia chumvi. Lakini kuna ushahidi mwingine. Karibu kila mwisho wa mwaka Peel aliwapa wasikilizaji nafasi ya kuchagua nyimbo 50 bora. Mwaka 1976, mara ya kwanza, waliweka juu kabisa Stairway to Heaven ya Led Zeppelin, wimbo wa dakika nane. Mwaka 1978 juu kabisa palikuwa Anarchy in the UK ya Sex Pistols. Miaka miwili tu, na ukoo mzima umebadilika.

Watetezi wa progresivu walisema, na wengine wanasema mpaka leo, kwamba panki iliwasifu wasiojua kupiga na kuwacheka waliojifunza. Kuna ukweli ndani. Bendi nyingi za panki zilikuwa mbaya kabisa, na baada ya mwaka mmoja au miwili nguo za ngozi na pini zilikuwa uniforme kama ya shule. Lakini jibu la Peel lilionekana katika kazi yake ya kila usiku. Hakutupa Captain Beefheart, ambaye muziki wake ni mgumu kuliko wa Yes, na aliendelea kumpenda Robert Wyatt aliyetoka bendi ya Soft Machine. Ugumu haukumsumbua. Kilichomsumbua ni ule umbali kati ya jukwaa na mtu aliyenunua tiketi, na panki ilikuwa imeufuta. Mwaka 1977 kijana angeweza kusikia Peel usiku wa leo, kukopa gita kesho, na mwezi ujao kumtumia kaseti. Buzzcocks wa Manchester walikopa pauni 500 kwa watu wao, wakarekodi nyimbo nne, wakatoa diski wenyewe bila kampuni. Progresivu, pamoja na ufundi wake wote, haikuweza kumpa mtoto wa fukara kitu hicho.

Peel aliongeza msaada mwingine. Sheria za wakati ule zilipunguza saa za kupiga diski redioni, juu chama cha wanamuziki kilitaka watu wao wapate kazi. Basi BBC ililazimika kuita bendi studio. Peel aligeuza ile sheria kuwa mlango. Bendi ambayo haijawahi kuona studio iliitwa, mara nyingi kule Maida Vale, ikarekodi nyimbo karibu nne kwa siku moja, ikalipwa, na usiku fulani ikajisikia kwenye redio ya taifa. Mpaka mwisho zilifika zaidi ya 4.000. The Fall, bendi ya Manchester aliyoipenda kuliko zote, walifanya 24.

Hadithi ya Undertones inaonyesha ule mlango ulivyofanya kazi. Walikuwa vijana watano wa Derry, Irlandi ya Kaskazini, mji wenye askari barabarani na mabomu. Hawakuimba vita. Waliimba mapenzi ya ujana, wimbo wa dakika mbili na nusu unaoitwa Teenage Kicks, uliotolewa na mwenye duka la diski la Belfast. Mwezi wa tisa mwaka 1978 Peel aliupiga. Ulipoisha, akaurudisha mwanzo na kuupiga tena palepale, kitu ambacho mtangazaji hafanyi. Baada ya majuma machache walikuwa na mkataba na Sire, kampuni ileile ya Ramones. Peel alisema mpaka kufa kwamba hakuna wimbo mwingine uliomfikia kama huo.

Panki yenyewe ilipochoka, alisonga mbele, na ndipo wapenzi wengine wa panki nao wakalia. Alipiga rege, akapokea barua za matusi ya rangi ya ngozi, akapiga rege zaidi. Halafu Afrika ikaingia. Aliwapenda sana Bhundu Boys wa Zimbabwe, na mwaka 1989, alipofikisha miaka 50, Four Brothers wa Zimbabwe ndio waliopiga kwenye sikukuu yake. Na soukous ya Wakongo wa Paris haikukosa kwenye meza yake. Gita ya Diblo Dibala, mzaliwa wa Kisangani, yule aliyepiga kwenye diski za kwanza za Kanda Bongo Man, ilikuwa inatoka kwenye emisyo ya Peel kati ya bendi mbili za kelele za Manchester au Leeds, bila maelezo marefu. Diblo ni fundi kuliko wapiga gita wengi wa progresivu. Tofauti ni kwamba vidole vyake vinachezesha watu.

Nyumbani, katika kijiji cha Great Finborough, Suffolk, aliishi na mke wake wa pili Sheila, watoto wanne, na diski ambazo zilijaza vyumba: zaidi ya 26.000 kubwa na kama 40.000 ndogo. Kaseti na diski za wasiojulikana zilifika kwa posta kila siku, alizisikiliza hata ndani ya gari. Kwenye antena alikosea kila wakati, mara anaweka diski kwa mwendo usio wake, anaomba radhi, anaanza upya. Na alikuwa na nafasi pia kwenye BBC World Service, iliyofika mbali kwa mawimbi mafupi.

Alifariki tarehe 25 Oktoba 2004 mjini Cusco, Peru, wakati wa safari, kwa mshtuko wa moyo. Alikuwa na miaka 65. Tarehe 12 Novemba watu zaidi ya elfu moja walikuja kumuaga katika kanisa kuu la Bury St Edmunds. Wengine walikuwa na mvi, watu wa Pink Floyd na Tubular Bells. Wengine walikuwa watoto waliozaliwa baada ya Ramones. Sanduku lilipobebwa kutoka nje, muziki uliowekwa ulikuwa Teenage Kicks. Dakika mbili na nusu, na tayari walikuwa mlangoni.