Simon Kuznets, Mgeni Aliyehesabu Pato la Taifa

Wiki hii tunamsoma mtu aliyefika Marekani akiwa mgeni, akajifunza Kiingereza ukubwani, kisha akaifundisha nchi nzima jinsi ya kuhesabu mapato yake. Jina lake ni Simon Kuznets.

Alizaliwa mwaka 1901 katika mji wa Pinsk, uliokuwa chini ya Dola ya Urusi. Leo uko Belarus. Baba yake alitangulia Marekani. Simon alisoma Kharkiv, Ukraine, katika miaka ya vita na mapinduzi. Mwaka 1922 naye akavuka bahari. Alijifunza lugha haraka, akaingia Chuo Kikuu cha Columbia, New York, na mwaka 1926 akapata shahada ya udaktari wa uchumi.

Mwaka 1929 uchumi wa Marekani ulianza kuporomoka. Viwanda vilifungwa na mamilioni ya watu wakakosa kazi. Shida ilionekana kwa macho, lakini serikali haikuwa na hesabu kamili ya kilichopotea. Seneti ikaagiza hesabu ifanywe, na Kuznets akapewa kuisimamia. Ripoti ilitoka Januari 1934. Ilionyesha kuwa kati ya 1929 na 1932 mapato ya nchi yalipungua kwa takriban nusu.

Ugumu wa kazi hiyo ni kujua nini kihesabiwe. Tuchukue mfano wa mkate. Mkulima anauza ngano kwa dola 1. Mwenye kinu anainunua, anasaga, anauza unga kwa dola 2. Mwokaji anaununua unga huo, anauza mkate kwa dola 5. Je, pato ni dola 8? Hapana, ni 5. Bei ya mkate imeshabeba gharama ya unga, na bei ya unga imeshabeba gharama ya ngano. Ukijumlisha zote, ngano utaihesabu mara tatu. Vilevile, baba akinunua gari kuukuu, bei ya gari haiingii katika pato la mwaka huu, kwa kuwa lilishahesabiwa lilipotoka kiwandani.

Kuna kazi nyingine Kuznets aliziacha nje ingawa alijua zina thamani: kupika, kufua, na kulea watoto nyumbani. Kazi hizo hazina bei sokoni, naye hakuona njia ya kuaminika ya kuzipima. Lakini hakuficha. Katika ripoti ileile alionya kwamba pato la taifa peke yake halitoshi kuonyesha kama watu wanaishi vizuri. Baadaye alipinga pia gharama za silaha wakati wa amani kujumlishwa pamoja na chakula na nguo, lakini hoja yake haikushinda.

Aliendelea kufundisha vyuoni, na mwaka 1971 akapewa Tuzo ya Nobel ya uchumi. Alifariki mwaka 1985.

Onyo lake hunigusa kila siku. Mimi ni muuguzi. Nikimwogesha mgonjwa wodini, mshahara wangu unaingia katika pato la taifa. Nikirudi nyumbani nikamwogesha mama yangu mzazi, kwa mikono hiyohiyo na sabuni hiyohiyo, kazi yangu haihesabiwi. Kinachohesabiwa ni bei ya sabuni tu. Basi watoto, mkisikia pato la nchi limepanda au limeshuka, ulizeni pia: ni kazi ya nani haimo?

Kazi ya nyumbani: Jumamosi hii kaa na bibi, mama au baba. Andika kwa Kiswahili kazi tano anazofanya bila kulipwa. Kisha mwambie ahsante, uchague moja umsaidie.