Sharif al-Idrisi, Mwalimu wa Jiografia

Wanafunzi wapenzi, mnapofungua ramani darasani, mkumbukeni Sharif Muhammad al-Idrisi. Alizaliwa mnamo mwaka 1100 hivi katika mji wa Sabta, Maghrib. Mfalme Roger wa Pili wa Sisilia, aliyekuwa Mkristo, alimtaka amweleze dunia ilivyo. Kwa takriban miaka 15 wasafiri waliulizwa, pamoja na mmoja mmoja. Walipokubaliana, habari iliandikwa, walipohitilafiana, iliachwa. Mwaka 1154 alikamilisha kitabu chenye ramani 70, kusini ikiwa juu. Malindi na Mombasa zimo. Hata hivyo alikosea, kwani pwani yetu aliinyoosha kuelekea mashariki. Basi nasi tuulize, tuhakikishe, ndipo tuandike. Mwenyezi Mungu amrehemu. Amin.