Magari ya Mwalimu na safari ya miguu hadi Mwanza

Na Mwandishi Wetu, Mwanza

WATHAMINI wa magari ya kale huanza kazi yao kwa maswali manne. Yalitengenezwa mangapi ya aina hiyo? Je, injini iliyomo ndiyo iliyotoka nayo kiwandani? Hati zake ziko wapi? Na nani alipata kulipanda? Maswali matatu ya mwanzo hujibiwa na fundi na karani. La nne hujibiwa na historia, na ndilo ambalo mara nyingine hulifanya gari dogo la kawaida lilishinde kwa thamani gari la kifahari.

Kwa kipimo hicho, magari yaliyotumiwa na Hayati Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, ambayo yamehifadhiwa na Makumbusho ya Taifa jijini Dar es Salaam, ni miongoni mwa hazina kubwa za nchi hii ingawa hayako sokoni. Kwa wakazi wa Mwanza, hata hivyo, historia ya magari hayo ina sura ya pekee. Safari ya Mwalimu ambayo jiji hili linaikumbuka zaidi hakuifanya kwa gari lolote. Aliifanya kwa miguu.

Ili kuelewa uzito wa jambo hilo, yafaa kwanza kutazama soko la magari ya kale lilivyo huko ughaibuni. Nchini Marekani, yanayogombewa sana na matajiri ni yale ya miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, yenye injini kubwa kupita kiasi na paa la kukunja. Wakati yalipokuwa mapya, yenye paa la kukunja yaliuzwa ghali kuliko yenye paa la chuma, hivyo wanunuzi walikuwa wachache. Uchache huo ndio unaoyapandisha bei leo.

Plymouth Hemi Cuda ya mwaka 1971 yenye paa la kukunja, aina ambayo yalitengenezwa takriban magari 11 tu, iliuzwa mnadani mwaka 2014 kwa dola milioni 3.5 za Marekani. Shelby Cobra ya kwanza kabisa, gari la wazi la mwaka 1962 ambalo mwasisi wake, Carroll Shelby, alikaa nalo mpaka alipofariki dunia mwaka 2012, ilinunuliwa mwaka 2016 kwa dola milioni 13.75.

Lakini Wamarekani hao hao wanalo gari jingine la paa la kukunja ambalo hakuna anayethubutu kulipangia bei. Ni Lincoln Continental ya mwaka 1961, alimouawa Rais John F. Kennedy mjini Dallas, Novemba 22, 1963. Kampuni ya Ford ilikuwa ikiikodisha Ikulu ya nchi hiyo gari hilo kwa dola 500 kwa mwaka. Baada ya mauaji lilitengenezwa upya, likafungwa paa la kudumu na kuendelea kubeba marais hadi mwaka 1977. Sasa limo katika makumbusho ya Henry Ford, mjini Dearborn, katika jimbo la Michigan.

Miezi minne kabla ya mauaji hayo, Julai 1963, Kennedy alimpokea mjini Washington Rais wa Tanganyika, taifa ambalo lilikuwa halijatimiza hata miaka miwili ya uhuru. Mgeni huyo alikuwa Mwalimu Nyerere, aliyekuwa na umri wa miaka 41.

Mtoto wa mtemi

Mwalimu alizaliwa Aprili 13, 1922 katika kijiji cha Butiama, mashariki mwa Ziwa Victoria. Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa mtemi wa Wazanaki, na mama yake alikuwa Mgaya wa Nyang'ombe. Alianza shule mwaka 1934 huko Mwisenge, Musoma, umbali wa kilomita zipatazo 40 kutoka nyumbani kwao. Mwaka 1937 alikwenda Shule ya Tabora, na baadaye Chuo cha Makerere, Uganda. Mwaka 1949 alipata nafasi ya kusoma Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uingereza, na kurejea mwaka 1952 akiwa na shahada.

Aliporudi alifundisha Shule ya Mtakatifu Francis, Pugu, nje ya Dar es Salaam. Mwaka 1953 alichaguliwa kuwa Rais wa Chama cha TAA, na Julai 7, 1954 chama hicho kikageuka kuwa TANU. Machi 1955 aliacha kazi ya ualimu ili aitumikie siasa. Kuanzia hapo mtu huyo, ambaye hakuwa na mshahara wa kutegemea, alihitaji kuifikia nchi kubwa yenye barabara mbovu.

Hapo ndipo magari yalipoanza kuwa sehemu ya maisha yake. Dossa Aziz, mmoja wa wazalendo wa Dar es Salaam waliokisaidia chama kwa mali zao, anakumbukwa kwa kuitoa Land Rover yake itumike kwa kazi za TANU. Katika Makumbusho ya Taifa nako ipo Austin A40, gari dogo la Kiingereza linalohusishwa na harakati hizo za kudai uhuru. Namba 40 katika jina lake inatokana na nguvu za injini yake, takriban nguvu za farasi 40. Hemi Cuda iliyotajwa hapo juu ilitangazwa kuwa na nguvu 425, zaidi ya mara kumi.

Kanda ya Ziwa ilikuwa ngumu kuifikia kwa sababu nyingine. Serikali ya kikoloni ilikataa kusajili matawi ya TANU katika Jimbo la Ziwa, ambalo makao yake makuu yalikuwa Mwanza, kuanzia mwaka 1954 hadi 1958. Katika kipindi hicho sauti ya wananchi wa hapa ilipitia zaidi kwenye vyama vya ushirika vya wakulima wa pamba, chini ya uongozi wa Paul Bomani. Gari zuri kuliko yote lisingeweza kuuvuka ukuta huo wa sheria.

Rolls-Royce ya gavana

Desemba 9, 1961 Tanganyika ikawa huru, Mwalimu akiwa Waziri Mkuu. Mwezi uliofuata alijiuzulu na kumwachia nafasi hiyo Rashidi Kawawa, akaenda kukijenga chama mikoani. Alirudi Ikulu Desemba 9, 1962 akiwa Rais wa Jamhuri.

Miongoni mwa vitu ambavyo serikali mpya ilivirithi kutoka kwa wakoloni ilikuwa Rolls-Royce iliyokuwa ikiwabeba magavana. Gari hilo likaendelea kutumika katika shughuli za kitaifa, safari hii likimbeba mtoto wa Butiama. Leo nalo ni sehemu ya mkusanyiko wa makumbusho hayo.

Mthamini wa magari angesema kwamba Rolls-Royce hiyo ina thamani maradufu, kwa kuwa imebeba tawala mbili zilizopingana. Mwananchi wa kawaida angeuliza swali jingine: je, ukipanda kiti cha gavana, utajizuia vipi usigeuke kuwa gavana?

Swali hilo halikuwa la nadharia. Miaka michache baada ya uhuru, lugha ya mitaani ya Afrika Mashariki ilikwisha kupata neno wabenzi, yaani wakubwa waliotambuliwa kwa magari yao ya Mercedes-Benz. Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu aliwafukuza mamia yao, lakini papo hapo akapunguza kwa asilimia 20 mshahara wake mwenyewe na ya viongozi wakuu wa serikali. Februari 5, 1967 likatangazwa Azimio la Arusha. Miiko yake ya uongozi ilimkataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni, kupokea mishahara miwili au zaidi, na kuwa na nyumba za kupangisha.

Siku nane barabarani

Nchi nzima vijana walianza matembezi ya kuliunga mkono Azimio. Mmoja wao, Seti Benjamin, alifariki dunia akiwa njiani, na jina lake likawa kumbukumbu ya taifa. Ndipo Oktoba 1967, mkutano mkuu wa TANU ukiwa umepangwa kufanyika Mwanza, Rais alipoamua naye kutembea.

Aliondoka Butiama kwa miguu na kuelekea Mwanza, mwendo wa zaidi ya kilomita 200 uliochukua siku nane. Barabara ya leo kati ya sehemu hizo mbili hupita Bunda, Lamadi na Magu, upande mmoja ikikaribia mbuga za Serengeti na upande mwingine Ghuba ya Speke. Ni nchi ya pamba, ng'ombe na jua kali. Gari la siku zile lingeimaliza safari hiyo katika siku moja.

Oktoba 16, 1967 mkutano ulifunguliwa Mwanza, na Mwalimu akatoa hotuba ndefu juu ya kazi iliyokuwa mbele baada ya Azimio. Wajumbe waliomsikiliza walijua namna alivyofika. Kiongozi aliyewataka wenzake waache anasa hakuwa ameshuka kwenye Rolls-Royce.

Kumbukumbu ya haki haipaswi kuficha yaliyofuata. Katika miaka ya 1970 wananchi wengi walihamishwa kwa nguvu kupelekwa katika vijiji vya ujamaa, na wapo waliowekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani. Bei ya mafuta ilipopanda duniani, uhaba ukaingia kila nyumba, na magari ya watu binafsi yakazuiwa kutembea Jumapili alasiri bila kibali. Vita ya Kagera ya mwaka 1978 na 1979 ililazimu malori na mabasi ya raia na mashirika kuchukuliwa ili kusafirisha askari. Gari jipya likawa ndoto, na mafundi wa mitaani wakawa mabingwa wa kuyafufua makuukuu.

Jambo hilo nalo lina uhusiano na thamani ya magari ya kale. Ambako magari ni mengi, la zamani huwekwa bandani likisubiri mnunuzi tajiri. Hapa kwetu la zamani liliendelea kubeba mihogo, samaki na abiria hadi likaisha, kisha likaishia kwenye vyuma chakavu. Ndiyo maana machache yaliyobaki yakiwa na historia inayofahamika yanastahili kulindwa.

Urithi usio na bei

Mwalimu aling'atuka Novemba 1985 na kurudi Butiama kulima. Aliendelea kuwa Mwenyekiti wa CCM hadi mwaka 1990, na katika miaka yake ya mwisho alikuwa msuluhishi wa mgogoro wa Burundi. Alifariki dunia Oktoba 14, 1999 katika Hospitali ya Mtakatifu Thomas, London, akiugua saratani ya damu, na akazikwa kijijini kwake.

Kila unapozuka mjadala juu ya mashangingi ya serikali, jina lake hutajwa. Ni rahisi kulitaja. Kigumu ni kuvitunza vielelezo vyake, maana gari la kale haliwezi kujitetea mbele ya kutu. Mpira hukauka, ngozi ya viti hupasuka, nyaraka huliwa na mchwa. Hati ikipotea, Austin A40 ya mwanasiasa aliyeikomboa nchi na Austin A40 ya mtu yeyote yule huwa kitu kimoja mbele ya mthamini. Kinachozitenganisha ni karatasi, picha na ushahidi wa waliokuwapo, na mashahidi hao wanapungua kila mwaka.

Mwanza nayo ina cha kutunza. Barabara ya Nyerere, inayotoka katikati ya jiji kuelekea Musoma, hujaa daladala, bodaboda na malori kuanzia alfajiri. Wazee waliomwona Rais akiingia mjini kwa miguu mwaka 1967 sasa wana umri wa miaka 60 na zaidi. Maelezo yao yakiandikwa mapema, yatakuwa hati ya safari ile, kama ilivyo kadi ya gari kwa gari lenyewe.