Mama Cass: Sauti Iliyovuma, Kundi Likavunjika

Katika waimbaji wa magitaa waliovuma Marekani miaka ya sitini, wachache walikuwa na sauti kama ya Cass Elliot, na wachache walichekwa kama yeye. Alizaliwa Baltimore mwaka 1941, akaitwa Ellen Naomi Cohen. Alikuwa mnene tangu utotoni, na jambo hilo lilimwandama hata baada ya kufa.

Mwaka 1965 aliwafuata rafiki zake katika visiwa vya Virgin, bahari ya Karibea, walikokuwa wakiimba: John Phillips, mkewe Michelle, na Denny Doherty. John ndiye mtungaji mkuu, naye alisita sana kumwingiza Cass kundini. Zikatolewa hadithi kwamba bomba lilimwangukia Cass kichwani, ndipo sauti yake ikapata kupanda juu, naye akakubaliwa. Rafiki zake walikuja kusema kizuizi chenyewe kilikuwa ule unene.

Huko Los Angeles walichukuliwa na kampuni ya santuri ya Dunhill, wakajiita The Mamas and the Papas. Kwetu pwani mama ni jina la heshima. Wao waliliokota kwa magenge ya wapanda pikipiki, waliowaita hivyo wanawake wao! "California Dreamin'" ikashika, na Mei 1966 "Monday, Monday" ikawa ya kwanza nchini kote.

Fedha ziliingia, amani ikatoka. Michelle na Denny walipendana kwa siri mpaka John akajua. Na Denny huyo ndiye Cass aliyempenda bila kupendwa. Hebu fikiri, msomaji: watu wanne wa namna hiyo wasimame jukwaa moja waimbe mapenzi. Mwaka huo huo Michelle alifukuzwa kwa barua, akarudishwa baada ya muda mfupi. Mwaka 1968 kundi likavunjika.

Cass akaendelea peke yake, na "Dream a Little Dream of Me" ikampa jina lake mwenyewe. Julai 1974 aliimba wiki mbili katika ukumbi wa Palladium, London, watu wakisimama kumshangilia. Tarehe 29 akafa usingizini, umri wake miaka 32.

Mara ikaenezwa kwamba alisongwa na mkate wa nyama ya nguruwe, na watu wakacheka tena. Daktari aliyeuchunguza mwili hakukuta chakula kooni. Ni moyo uliosimama. Miaka mingi baadaye, mwandishi aliyeichapa habari ile alieleza kwamba aliipata kwa meneja wa marehemu, aliyemsihi aitangaze. Mkate uliokutwa chumbani ulikuwa haujaguswa.