Dag Hammarskjöld na ndege iliyoanguka Ndola

Msikilizaji wetu wa Yakobi, ukipanda treni ya TAZARA pale Makambako ukaenda hadi mwisho wa reli, unafika Kapiri Mposhi, Zambia. Ukisogea kaskazini kwa barabara unaingia Ndola, mji wa machimbo ya shaba. Jirani na mji huo, usiku wa kuamkia Septemba 18, 1961, ilianguka ndege ya Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Dag Hammarskjöld. Jina hilo hutamkwa karibu na Hamashold, nasi hewani tunajitahidi.

Alizaliwa Julai 29, 1905, Jönköping nchini Sweden, mtoto wa mwisho kati ya wavulana wanne. Baba yake aliwahi kuwa Waziri Mkuu. Dag alisomea uchumi hadi shahada ya juu kabisa, akatumikia wizara ya fedha na benki kuu. Aprili 1953 mataifa makubwa yalimkabidhi Umoja wa Mataifa, yakidhani yamepata karani mpole asiyesumbua. Haikuwa hivyo. Mwaka 1955 alikwenda mwenyewe Beijing kuwaombea wanajeshi wa anga wa Marekani waliofungwa huko, na baadaye wakaachiwa. Mwaka uliofuata, kwenye vita vya Suez, aliunda kikosi cha kulinda amani.

Kilichommaliza ni Kongo. Nchi ilipata uhuru Juni 30, 1960, na kabla wiki mbili hazijaisha jimbo la Katanga, lenye shaba, likajitenga chini ya Moise Tshombe, likisaidiwa na kampuni ya madini ya Wabelgiji na askari wa kukodiwa. Patrice Lumumba alimlaumu Hammarskjöld kwa kutoirudisha Katanga haraka, na Januari 1961 Lumumba akauawa huku askari wa Umoja wa Mataifa wakiwa nchini. Lawama hiyo sisi hatuifuti.

Septemba mapigano yalipowaka Katanga, Hammarskjöld aliamua kukutana na Tshombe uso kwa uso Ndola, wakati huo ikiwa chini ya utawala wa Waingereza. Ndege yake aina ya DC-6 iliondoka Leopoldville, Kinshasa ya leo, ikiwa na watu 16. Baada ya saa sita usiku rubani aliuambia mnara kwamba anaona taa za uwanja. Kisha kimya. Mabaki yalitangazwa kupatikana mchana wa siku iliyofuata, msituni, kama kilomita 15 tu kutoka uwanjani.

Tume ya serikali ya Rhodesia ilisema ni kosa la rubani: alishuka chini mno akagonga miti. Tume ya Umoja wa Mataifa, mwaka huohuo wa 1962, haikukubali kufunga jalada namna hiyo. Ilisema haiwezi kuondoa uwezekano wa hujuma au shambulio.

Sasa wasikilizaji, shaka kubwa inatoka kwa wachoma mkaa. Walikuwa msituni usiku ule karibu na tanuri zao. Baadhi yao walieleza kuwa waliona ndege nyingine ndogo angani, na moto kabla ya ndege kubwa kufika chini. Tume ya Rhodesia iliutupa ushahidi wao. Mlinzi mmoja aliyenusurika aliishi siku chache hospitalini, akataja mlipuko na cheche angani. Ikasemwa anaweweseka kwa maumivu. Kwetu sisi, mtu anayekesha akichunga tanuri ana sababu ya kuwa macho kuliko wengi. Hata hivyo kuona moto gizani si kujua aliyeuwasha, na rubani aliyechoka anaweza kukosea kweli.

Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa ulimpa kazi hii Mtanzania, Jaji Mkuu wetu wa wakati huo, Mohamed Chande Othman. Yeye aliwasikiliza upya wachoma mkaa. Ripoti yake ya 2017 ilisema inawezekana kabisa shambulio au tishio kutoka nje lilichangia ajali, bila kutamka kuwa imethibitika. Aliziomba serikali zifungue mafaili yao ya siri, ya kijeshi na ya kijasusi. Nyingine ziliitika. Marekani, Uingereza na Afrika Kusini amezitaja kuwa huenda bado zina kitu ambacho hazijakitoa.